Kompyuta inasahihishwa na panya

Kati ya mwaka 2000 na 2001 lilifanyika shindano ambalo wakemia wengi hawalijui, na wanaolijua hawapendi kulitaja mbele ya watu wa kompyuta. Liliitwa Predictive Toxicology Challenge. Washiriki walipewa orodha ya mamia ya kemikali zilizokwisha kujaribiwa kwa panya nchini Marekani, kila moja na mchoro wa molekuli yake na jibu lake: hii ilileta saratani, hii haikuleta. Wazifundishe kompyuta zao kwa orodha hiyo. Kisha wakapewa kemikali nyingine, safari hii bila majibu, watabiri. Vikundi 14 vikaleta modeli 111, yaani programu 111 za kutabiri. Baada ya kusahihisha, zilizofanya vizuri kuliko kubahatisha, kwa kile kipimo cha kitakwimu cha asilimia 5 tulichokizoea sote, zilikuwa tano.

Piga hesabu kidogo hapo. Kipimo cha asilimia 5 maana yake ni kwamba hata mtu asiyejua lolote, anayerusha shilingi tu, atakivuka mara moja katika kila majaribio 20. Kusanya warusha shilingi 111 na watano au sita watavuka. Waliofanya uchambuzi walikuwa waungwana, waliandika wazi kwamba hawakurekebisha hesabu kwa ajili ya wingi wa modeli. Haki itendeke pia: modeli bora kuliko zote ilivuka kwa mbali, na wataalamu wa sumu waliozichungulia kwa ndani waliona kwamba mbili tatu kati ya zile tano zilikuwa zimeshika kitu cha kweli. Kidogo, lakini cha kweli.

Naliandika hili kwa sababu kazi yangu ni kusoma mafaili. Dawa inapoombewa kibali cha kuingia sokoni, faili lake huja na ukurasa unaoorodhesha masalia: vijimolekuli vilivyobaki kutoka kiwandani, ambavyo hakuna aliyevitaka lakini vimo kwenye kidonge. Karibu na kila jina siku hizi kuna sentensi inayosema kwamba programu ya kompyuta imeipitia molekuli hii na haikuona dalili ya hatari. Wenzangu wawili wanaiamini sentensi hiyo kama hati ya mahakama. Mwingine anaicheka. Upande wa pili kuna magrupu ya WhatsApp ya familia, ambako haupiti mwezi bila mtu kutuma picha ya sabuni au dawa ya mbu na maneno "kompyuta za Ulaya zimegundua ina kemikali ya kansa". Swali ni lilelile pande zote mbili: kompyuta ilijuaje?

Miezi kadhaa iliyopita binti wa kaka yangu, anayemalizia shahada ya sayansi ya kompyuta, alinipigia simu usiku. Salamu zilikuwa fupi kuliko kawaida yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kwema?"

"Kwema. Nimepata asilimia tisini na nne!"

Nikadhani ni mtihani. Kumbe ni mradi wake wa mwaka wa mwisho: alikuwa ametengeneza modeli ya akili mnemba inayosoma muundo wa molekuli na kusema kama inasababisha saratani. Nikamuuliza majibu ya kufundishia ameyatoa wapi. Kwenye hifadhidata ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akasema, na nikafurahi, maana ni chanzo cha heshima. Inaitwa Carcinogenic Potency Database. Lois Swirsky Gold na wenzake waliikusanya kwa miongo kadhaa, majaribio 6,540 juu ya kemikali 1,547. Hakuna mtu kwenye fani hii ambaye hajawahi kula kwenye sufuria hiyo.

"Umeigawaje?"

"Kwa bahati nasibu. Asilimia themanini za kufundishia, ishirini za kupimia."

"Chumvi ulizitoa?"

"Chumvi gani tena, shangazi?"

Kemikali kadhaa kwenye orodha ile zimeandikwa mara mbili, zenyewe na chumvi zao. Anilini ipo, na anilini haidrokloridi ipo. Ikishafika tumboni ni kitu kilekile. Halafu kuna koo zima za ndugu, na ukoo mkubwa kuliko yote ni wa nitrosamini, molekuli zenye naitrojeni mbili na oksijeni zilizoshikana kwa mfuatano. Zimo nyingi mno, na karibu zote zina jibu la "ndiyo", kwa sababu watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 walizishikilia sana. Kundi moja la Kijerumani, la Hermann Druckrey, lilitoa mwaka 1967 matokeo ya misombo 65 ya jamii hiyo kwa mpigo. Ukigawa orodha kama hiyo kwa bahati nasibu, nusu ya ukoo inabaki darasani na nusu inaingia kwenye chumba cha mtihani. Mwanafunzi atakayefaulu hapo hajaelewa somo, amekariri karatasi za miaka iliyopita.

Nikamwambia agawe upya kwa koo: familia nzima ya molekuli zinazofanana ikae upande mmoja, isivuke. Baada ya siku chache ukaja ujumbe bila salamu kabisa. Alama zilikuwa zimeporomoka hadi sitini na kidogo, na yeye alikuwa anauliza kama mradi umeharibika. Nikamjibu kwamba hiyo namba ya pili ndiyo ya kwanza niliyoiamini.

Sikumwambia hivyo kumliwaza. Sitini na kidogo ni karibu na mahali ambapo watu wazima wamekuwa wakikwama tangu mwanzo. Mwaka 1990 wataalamu wa sumu Raymond Tennant, John Ashby na wenzao walifanya jambo la ujasiri: walichukua kemikali 44 zilizokuwa bado zinajaribiwa na National Toxicology Program ya Marekani, panya wakiwa bado kwenye vizimba, wakachapisha utabiri wao hadharani kabla ya matokeo. Wakawakaribisha wengine nao watabiri. Matokeo yalipokamilika, mifumo iliyotegemea mchoro wa molekuli peke yake iliambulia kati ya asilimia 50 na 65. Walioangalia pia biolojia, wakiwemo Ashby na Tennant wenyewe, walifika kwenye 75.

Walikuwa na kitu gani ambacho kompyuta hazikuwa nacho? Hakikuwa akili nyingi. Walitazama kama kemikali inabadili vinasaba vya bakteria. Walitazama majaribio mafupi ya siku 90, ini limevimba, figo zimechubuka, panya gani kaumia zaidi. Na Ashby alikuwa na jicho. Mwaka 1985 alichora molekuli moja ya kubuni, isiyokuwepo popote duniani, akaibandika kila kipande ambacho uzoefu ulimwonyesha kuwa kibaya: amini hapa, yaani kundi la naitrojeni na haidrojeni, epoksidi pale, yaani pete ndogo yenye oksijeni. Mchoro ule ndio bibi wa programu nyingi za leo zinazopiga kengele zikiona kipande fulani kwenye molekuli.

Kengele hizo zina ugonjwa wake. Chukua naftilamini. Ni pete mbili za kaboni zilizoshikana, na kundi moja la amini limening'inia pembeni. Kuna namba 1 na namba 2. Atomi ni zilezile, idadi ni ileile, tofauti ni kona ambayo amini imekaa. Ile ya 2 ni miongoni mwa visababishi vya saratani vilivyothibitishwa zaidi kwa binadamu. Ilitumika kwenye viwanda vya rangi za nguo na mpira, na wafanyakazi waliugua saratani ya kibofu cha mkojo. Kisa cha viwanda vya rangi kilianza kusemwa mwaka 1895, pale daktari wa upasuaji Ludwig Rehn wa Frankfurt alipoona wagonjwa wa kibofu wakitoka kazini kulekule. Shirika la utafiti wa saratani la IARC, Lyon, limeiweka naftilamini ya 2 kundi la 1, lile la uhakika. Ile ya 1 iko kundi la 3, ambako ushahidi hautoshi kuihukumu. Programu inayopiga kengele ikiona amini kwenye pete itazipigia zote mbili kelele sawa. Ndivyo ilivyo pia kwa zile benzopireni mbili za kwenye moshi: moja kundi la 1, dada yake kundi la 3, na mtu asiye mkemia akiangalia michoro yake atadhani mchoraji kakosea tu mahali pa kuweka pete moja.

Sababu ni kwamba molekuli nyingi hizi haziui zilivyo. Mwili wenyewe ndio unaozinoa. James na Elizabeth Miller, mume na mke waliofanya kazi Wisconsin, walionyesha kwamba vimeng'enya vya ini, katika harakati za kuiyeyusha kemikali itoke kwenye mkojo, huigeuza kuwa kitu chenye njaa ya elektroni, na kitu hicho hujibandika kwenye DNA. Kama kimeng'enya hakipo, hakuna saratani. Kemikali moja waliyoichunguza, asetilaminofluorini, ilitengenezwa iwe dawa ya wadudu, na mwaka 1941 ikaonekana kwamba inawapa panya uvimbe wa kila aina. Pimbi wa maabara, hawa wanaofugwa kwa majaribio na Waingereza huwaita guinea pig, hawakudhurika, kwa sababu ini lao halifanyi ile hatua ya kunoa. Mchoro wa molekuli ulikuwa uleule kwa wote.

Lakini haya yote ni matatizo ya mwanafunzi. Tatizo ninalotaka kulikalia ni la mwongozo wa kusahihishia.

Tunaposema modeli imepata asilimia fulani, tunamaanisha imekubaliana na panya. Jaribio kamili huenda hivi: panya buku, yaani panya wakubwa wa maabara ambao Kiingereza huwaita rat, na panya wadogo, mouse, dume na jike, kwa kawaida 50 wa kila jinsia kwa kila kipimo cha dozi, na dozi ya juu kabisa ni ile ambayo mnyama anaweza kuihimili bila kufa mapema. Wanalishwa au wanavutishwa kemikali hiyo kwa miaka miwili, karibu umri wao wote. Kisha kila kiungo kinakatwa vipande vyembamba na mtaalamu wa patholojia anaketi kwenye hadubini kuhesabu uvimbe. Gharama ni dola milioni kadhaa kwa kemikali moja. Ndiyo maana zilizopita njia hiyo ni mia kadhaa hadi elfu moja na kitu, wakati Ulaya peke yake imesajili zaidi ya kemikali 20,000 chini ya sheria yake ya REACH. Hakuna atakayezijaribu zote. Hitaji la kompyuta ni la kweli, sipingi.

Sasa je, panya wenyewe wanakubaliana? Mwaka 2001 Gottmann na wenzake walitafuta kemikali 121 zilizokuwa zimejaribiwa pande mbili, upande wa mpango wa serikali ya Marekani na upande wa watafiti wengine waliochapisha kwenye majarida, wakalinganisha majibu. Yalikubaliana kwa asilimia 57. Rudia kusoma namba hiyo. Kemikali ileile, swali lilelile la ndiyo au hapana, na majibu yanaachana karibu nusu ya safari. Wapo wanaosema kipimo hicho ni kikali mno, kwamba majaribio yaliyofanana kila kitu, aina ileile ya panya, njia ileile ya kulisha, hukubaliana zaidi. Ni kweli. Ila kompyuta haifundishwi kwa majaribio yaliyofanana kila kitu. Inafundishwa kwa mchanganyiko wote, panya wa Japani na panya wa Marekani, waliolishwa na waliopakwa, wa miezi 12 na wa miezi 24, vyote vimekandamizwa kuwa neno moja.

Kwa hiyo nikiona modeli inayodai asilimia 90 na zaidi, sishangilii. Inadai kukubaliana na panya kuliko panya wanavyokubaliana wao kwa wao. Mara nyingi ukifukua utakuta chumvi.

Halafu panya si mtu. Maganda ya machungwa na malimau yamejaa limonini, ndiyo inayotoa ile harufu. Ukimpa panya buku dume kwa wingi anapata uvimbe wa figo. Jike hapati. Sababu ni protini moja ambayo madume hao hutengeneza kwenye ini, inaitwa alfa-2u-globulini. Limonini hujishikiza kwayo, protini inarundikana kwenye figo, seli zinakufa na kujijenga upya hadi zinapotea njia. Sisi hatuna protini hiyo. Sakarini, sukari ya bandia, ilipita mkasa kama huo kwenye kibofu cha panya buku: Marekani iliilazimisha kubeba onyo la saratani kuanzia miaka ya 1970 mpaka mwaka 2000, ilipokubalika kwamba kilichotokea kwenye kibofu cha panya hakituhusu. Na upande wa pili uko aseniki, ambayo wanadamu wameugua kwayo kupitia maji ya kunywa, huku wanyama wa maabara wakikataa kwa miongo mingi kuonyesha lolote la maana. Modeli iliyofundishwa kwa panya hurithi haya yote. Ikikosea kuhusu panya, tunaiadhibu. Ikipatia kuhusu panya na kukosea kuhusu mtu, tunaipa alama kamili.

Kuna hesabu nyingine ambayo waandishi wa ripoti huiruka, na siwalaumu, haipendezi. Tuseme una kemikali 1,000, na tuseme kwa ajili ya mfano tu kwamba 100 kati yake kweli husababisha saratani. Una modeli nzuri kuliko nyingi zilizopo: inakamata mbaya 80 kwa kila 100, na inaziachia huru njema 80 kwa kila 100. Itakamata mbaya 80. Nyingine 20 zitapita mlangoni na cheti mkononi. Kati ya zile njema 900, itazituhumu 180. Tuhuma zote ni 260, za haki ni 80. Yaani modeli inaposema "hii ni ya saratani", inakuwa sahihi chini ya mara moja kwa kila tatu. Ule ujumbe wa WhatsApp kuhusu dawa ya mbu, hata kama kweli ulitoka kwenye kompyuta ya maana, umesimama kwenye mguu huo.

Kuna sehemu moja ambako kompyuta inafanya kazi, na nitakuwa mnafiki nikisema vinginevyo, maana naitumia. Ni pale swali linapokuwa dogo. Badala ya kuuliza "italeta saratani?", unauliza "itabadili vinasaba vya bakteria?" Hilo ndilo jaribio ambalo Bruce Ames wa Berkeley aliliweka mezani mwanzoni mwa miaka ya 1970: bakteria wa salmonela walioharibiwa makusudi wasiweze kujitengenezea kirutubisho fulani, ukiwatia kemikali na wakaanza kuota, ujue DNA yao imeguswa. Linachukua siku chache. Limefanywa kwa maelfu ya kemikali. Maabara tofauti zikilirudia hukubaliana kwa takribani asilimia 85. Na linapima njia moja, si njia kumi zilizofungwa kwenye kapu moja kama saratani ilivyo. Kuna saratani za kusumbua homoni, za kuchubua kiungo miaka mingi, za kuzima kinga ya mwili. Bakteria hajui lolote kati ya hayo na hajifanyi kujua.

Mwongozo wa kimataifa wa dawa unaoitwa ICH M7, uliopitishwa mwaka 2014, umejengwa juu ya swali hilo dogo. Kwa masalia ya kiwandani unaruhusu kutumia kompyuta badala ya bakteria, lakini kwa masharti: programu mbili za asili tofauti, moja ya kanuni zilizoandikwa na wataalamu na nyingine ya takwimu, halafu mtu mwenye ujuzi azipitie zote mbili. Zikikosana, mtu ndiye anayeamua. Napenda kwamba waandishi wa mwongozo ule hawakuthubutu kuandika neno saratani pale walipoweza kuandika bakteria.

Hata hivyo miaka minne baadaye, Julai 2018, dunia ikaamka na habari ya valsartani. Ni dawa ya shinikizo la damu, inamezwa na mamilioni. Kiwanda kimoja cha China kilikuwa kimebadili namna ya kuitengeneza miaka kadhaa nyuma, kikitumia kiyeyushi cha dimethilformamidi na baadaye naitraiti ya sodiamu kwenye mchakato uleule. Kiyeyushi kina mabaki ya dimethilamini. Dimethilamini ikikutana na naitraiti inazaliwa NDMA, nitrosamini ambayo Waingereza Peter Magee na John Barnes walionyesha tangu mwaka 1956 kwamba inawapa panya saratani ya ini. Programu yoyote ya hovyo ingeipigia NDMA kengele mpaka betri iishe. Hakuna modeli iliyokosea hapo. Hakuna aliyeiuliza, kwa sababu hakuna aliyefikiria kwamba molekuli hiyo imo.

Baada ya hapo nitrosamini zilianza kuonekana kila mahali, kwenye ranitidini, kwenye baadhi ya metformini, na dawa nyingine nyingi zikawa na nitrosamini zao za pekee zisizowahi kupewa panya yeyote. Mwaka 2023 wadhibiti wa Ulaya na Marekani walitoa utaratibu wa kuzipanga kwenye madaraja matano kwa kuangalia mchoro tu. Unahesabu haidrojeni kwenye kaboni zilizo jirani na naitrojeni, kwa sababu hapo ndipo ini hubandika oksijeni, molekuli ikavunjika, na kipande chake kikaishambulia DNA. Unaongeza alama kama kuna kundi la asidi ya kaboksili, linalopunguza ukali. Unajumlisha. Kwa Ulaya daraja la kwanza, lile la hatari zaidi, linaruhusiwa nanogramu 18 kwa siku, la mwisho 1,500. Huu ndio utabiri wa saratani wenye nguvu kubwa kuliko wote unaotumika leo kwenye dawa, unaamua kidonge kibaki dukani au kirudishwe, na unafanyika kwa penseli nyuma ya bahasha. Unawezekana kwa sababu ukoo huu mmoja ulijaribiwa sana na njia yake ya kuua inajulikana hatua kwa hatua. Binti wa kaka yangu nilipomwonyesha alikasirika kidogo.

Huku kwetu mfano mgumu kuliko yote si wa kiwandani. Ni sumukuvu. Fangasi anaingia kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, anaacha aflatoksini B1, kundi la 1 la IARC bila ubishi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, kuanzia Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi hayo na 125 wakafa, na hao ni wa sumu ya ghafla tu. Saratani ya ini inayokuja polepole haihesabiwi kwenye orodha ya mlipuko. Umuulize panya buku kuhusu aflatoksini B1, atakwambia ni ya kuogopwa mno, dozi ndogo sana inatosha. Umuulize panya mdogo mtu mzima, karibu hatikisiki, kwa sababu ini lake lina kimeng'enya kinachoidaka molekuli iliyonolewa kabla haijafika kwenye DNA. Mwongozo wa kusahihishia ungetegemea ni panya gani alikuwa zamu. Na kwa mtu, hatari inapanda mara nyingi zaidi akiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo ukanda wetu unavyo kwa wingi. Programu inayosoma molekuli haina mahali pa kuandika hilo. Molekuli ni moja, maini ni mawili, na hatari si sawa. Chanjo ya homa ya ini na ghala kavu vinapunguza saratani hiyo bila mtu kugusa kompyuta.

Mwaka 2022 mwongozo mwingine wa kimataifa, ICH S1B, ulirekebishwa ili kampuni ziweze kujenga hoja ya kutofanya lile jaribio la miaka miwili la panya buku pale ushahidi mwingine unapotosha. Naunga mkono. Baada ya hizo namba zote hapo juu sijui nani angelilia jaribio lile. Lakini marekebisho hayo yana matokeo ambayo watu wa modeli hawayasemi kwa sauti: majibu mapya yanakauka. Hifadhidata ya Berkeley iliacha kukua, ikahamia mikononi mwa shirika la Lhasa Limited la Leeds linaloitunza, na sehemu kubwa ya yaliyomo ni kemikali za zama zake, rangi, viyeyushi na viuatilifu vya miaka ya 1970 na 1980. Molekuli zinazonijia mezani leo ni ndefu, zimejaa fluorini na pete za ajabu, hazina ndugu hata mmoja kwenye orodha ile.

Programu zilizoandikwa kwa uaminifu hulisema hilo zenyewe. Kanuni za mwaka 2004 za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, zinadai kila modeli itaje eneo lake, yaani aina ya molekuli inazozijua, na ikipewa ya nje ya eneo hilo ikiri. Ripoti ya namna hiyo haipendwi na waombaji. Mara nyingi huja imeambatanishwa na ripoti ya programu nyingine isiyo na haya, inayosema "hasi" bila kupepesa. Faili likifika hivyo naliweka kando, naandika barua ya kuomba jaribio la bakteria, na kwa kawaida jibu la kwanza ninalopata ni simu ya mtu anayeuliza kwa nini kompyuta mbili hazinitoshi.